Diski ya Memori na Deni Letu kwa Berkeley

Debian 13 ilipotoka Agosti 2025, waliosakinisha toleo hilo walikuta saraka ya /tmp haikai tena kwenye diski. Imehamishiwa kwenye memori, na inaruhusiwa kujaa hadi nusu ya RAM. Mabishano ya miaka mingi yakaamka: mwenye kompyuta ya GB 4 atakubali GB 2 zimezwe na faili za muda? Katika ubishi huo wote baadhi ya waasisi wa wazo la kuweka faili memorini hawatajwi, na hilo linaniuma.

Mwaka 1990, Marshall Kirk McKusick, Michael Karels na Keith Bostic wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwasilisha kwenye mkutano wa Usenix andiko kuhusu mfumo wa faili unaokaa memorini (mfs). Diski ya memori ya kawaida ilikuwa kipande cha RAM kilichotengwa moja kwa moja. Hata kikiwa kitupu, programu nyingine haikigusi. Wao waliukataa upotevu huo, tena bila kuandika mfumo mpya wa faili. Walichukua ule uliokuwepo wa BSD, yaani Unix ya Berkeley, wakaiachia newfs, programu ya kuunda mifumo ya faili, iujenge ndani ya memori yake yenyewe. Ikishaupachika, newfs haifungwi: inalala ndani ya kiini (kernel), ikiamshwa kila data inapohitajika. Kwa kuwa memori hiyo ni ya programu ya kawaida, RAM ikibana, kurasa zilizolala zinahamishiwa kwenye diski halisi. Ufundi huo ulistahili heshima kuliko unavyopewa.

Dosari ilikuwepo. Faili ikifutwa, memori yake hairudi hadi mfumo mzima ubanduliwe.

Poul-Henning Kamp wa Denmark akaleta md, kiendeshi cha diski za memori, katika toleo la 4.0 la FreeBSD, mfumo endeshi uliotokana na BSD, mwaka 2000, na toleo la 5.0 likauondoa mfumo wa Berkeley. Sasa msimamizi huandika `mdconfig -a -t swap -s 1g`, akapata diski kama /dev/md0, akaiandaa kwa newfs na kuipachika. Neno swap hapo, linaloruhusu kurasa zihamishiwe kwenye diski halisi, lisipuuzwe: akiweka malloc badala yake, memori inatolewa kwenye kiini chenyewe, na diski kubwa inaweza kuiangusha mashine nzima.

Tmpfs, mfumo wa faili ulioandikwa mahususi kwa ajili ya memori, ikafuata katika FreeBSD 7.0, ikitokea NetBSD, mfumo mwingine wa ukoo wa BSD.

Karels alifariki mwaka 2024. Amri ya mount_mfs bado inakubaliwa kwenye FreeBSD, ila anayeitika ni mdmfs, mrithi wake anayetumia md.