Naruto na Ahadi Yake: Jinsi Mfululizo Unavyompoteza Mtazamaji

Historia ya kazi maarufu mara nyingi husimuliwa kwa kupanda kwake: ilianza lini, ilienea wapi, iliuza nakala ngapi. Katika insha hii ninachunguza upande wa pili, yaani namna mtazamaji anavyoondoka. Mfano wangu ni Naruto, anime ya Kijapani, na mmoja wa walioondoka ni mimi.

Kwa sisi watoto wa Buyenzi, Bujumbura, Naruto alisema Kifaransa. Tulinakiliwa vipindi kwenye flashi dukani, tukavitazama kwa zamu. Nililelewa na bibi yangu bila baba wala mama. Basi yule yatima mwenye nywele za manjano, aliyechukiwa na kijiji kizima na kufeli mtihani wa ninja mara tatu, nilimwona kama ndugu. Aliapa kwamba siku moja atakuwa Hokage, kiongozi wa kijiji kilekile kilichomkataa. Kiapo hicho nilikichukua kama changu.

Hadithi hiyo ilibuniwa na Masashi Kishimoto. Ilianza kuchapishwa mwaka 1999 katika jarida la Weekly Shōnen Jump la kampuni ya Shueisha. Jarida hilo hutoka kila wiki, na wasomaji wake hutuma maoni kuhusu hadithi wanazozipenda. Hadithi isiyopendwa hukatizwa, inayopendwa huendelea. Ya Kishimoto ilipendwa, ikaendelea hadi Novemba 2014, ikafikia sura 700.

Chanzo cha kwanza cha kuchoka kimo katika utaratibu huohuo wa uzalishaji. Anime ilianza Oktoba 2002 kwenye TV Tokyo, ikitengenezwa na Studio Pierrot, nayo ilitoka kila wiki. Kipindi kimoja cha televisheni humeza kurasa nyingi kuliko anazoweza kuchora msanii kwa wiki moja. Hivyo anime ikamfikia mwandishi mgongoni. Badala ya kusimama, watengenezaji walibuni visa vya kujazia. Baada ya kipindi cha 135, Sasuke alipokwisha kuondoka kijijini, karibu vipindi vyote hadi cha 220 vilikuwa vya namna hiyo. Rafiki amepotea, moyo wa mtazamaji uko juu, naye anaonyeshwa safari zisizobadilisha kitu. Anayeambiwa angoje mara nyingi mno hujifunza kutojali.

Hata hivyo, kungoja peke yake kusingeniondoa. Chanzo cha pili, kilicho kizito zaidi kwangu, ni kubadilika kwa wazo la hadithi. Mwanzoni Naruto anapigana na Neji, kijana wa ukoo mkubwa anayeamini kwamba majaliwa ya mtu huamuliwa siku anayozaliwa. Naruto anamshinda na kumwonyesha kuwa sivyo. Ni kweli kwamba mbweha mwenye mikia tisa alikuwa ndani ya Naruto tangu sura ya kwanza, lakini mbweha yule alikuwa mzigo, sababu ya kuchukiwa. Baadaye tunaambiwa kuwa baba yake alikuwa Hokage wa Nne. Kisha kwamba yeye ni Ashura aliyezaliwa upya, mwana wa mhenga aliyewapa wanadamu nguvu za kininja. Neji mwenyewe anakufa vitani akimkinga. Mtu wa kawaida aliyeshinda kwa jasho akageuka mrithi aliyefichwa. Kwa mtoto asiye na ukoo wa kumbeba, mabadiliko hayo hayakuwa jambo dogo.

Huenda msomaji akasema kwamba nilikua tu. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haitoshi. Pambano la Naruto na Neji bado linanigusa leo, ilhali vita kuu vya mwisho havinigusi. Kama umri ungekuwa sababu pekee, vyote viwili vingepoa pamoja.

Mfululizo wa pili, Shippuden, ulikoma Machi 2017 baada ya vipindi 500. Mwezi uliofuata alianza Boruto, mwana wa Hokage. Wakati huohuo, sehemu ya tasnia ilikuwa ikifuata mwendo mwingine. Attack on Titan, iliyoanza 2013, ilitolewa kwa misimu yenye mapumziko kati yake, ikakamilika 2023. Utaratibu huo huwapa wachoraji nafasi, na visa vya kujazia hupungua.

Lakini misimu haiwezi kutibu chanzo cha pili. Ratiba mbaya humchosha mtazamaji, naye huenda akarudi. Hadithi inapoacha ahadi iliyomvuta, hata ikichorwa kwa ustadi mkubwa kiasi gani, hana pa kurudi. Kwa hiyo anayeandika historia ya anime asiishie kwenye hesabu ya waliobaki. Walioondoka nao ni mashahidi, kwa kuwa mahali walipoondokea panatuonyesha walichokuwa wamekipenda.