Dawati la Jinsia vyuoni (Tanzania)

Dawati la Jinsia vyuoni ni kitengo cha chuo kinachopokea malalamiko ya ukatili wa kijinsia, yakiwemo ubakaji, unyanyasaji wa kijinsia na rushwa ya ngono. Nchini Tanzania mwongozo wa kuanzisha madawati hayo katika vyuo vya elimu ya juu na vya kati ulizinduliwa mwaka 2021 na wizara inayohusika na maendeleo ya jamii na jinsia. Dawati la chuo halina mamlaka ya kukamata wala kushtaki. Kazi hizo hubaki kwa polisi na waendesha mashtaka.

Historia

Mwezi Februari 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijiua baada ya kunyanyaswa na wanafunzi wa kiume waliohusishwa na kikundi cha siri kilichoitwa "Punch". Kikundi hicho kilikuwa kikibandika ukutani maandishi na michoro ya kuwadhalilisha wenzao, hasa wanawake. Kifo chake kilizua mjadala mkubwa, na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania (TAMWA) kilikuwa miongoni mwa waliodai hatua zichukuliwe.

Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ambayo masharti yake yaliingizwa katika Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16). Mwaka 2007 Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa iliitaja rushwa ya ngono kuwa kosa katika kifungu cha 25. Mwaka huohuo uliundwa Mtandao wa Polisi Wanawake, na baadaye vituo vya polisi vilianza kufungua Madawati ya Jinsia na Watoto. Kufikia mwaka 2017 madawati ya polisi yalikuwa zaidi ya 400 nchini.

Wahusika

Ulinzi wa vyuo hufanywa na walinzi wa kawaida au na polisi wasaidizi, ambao wanatambuliwa na Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi (Sura ya 322). Mara nyingi mlinzi wa geti au wa bweni ndiye mtu wa kwanza kukutana na mwanafunzi aliyeshambuliwa usiku. Wengine wanaohusika ni mshauri wa wanafunzi, muuguzi wa zahanati ya chuo, afisa ustawi wa jamii na askari wa dawati la polisi.

Umuhimu wa saa za kwanza

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema mwaka 2006, katika shauri la Selemani Makumba dhidi ya Jamhuri, kwamba ushahidi bora wa ubakaji ni ule wa aliyetendewa mwenyewe. Katika shauri la Marwa Wangiti Mwita na mwenzake dhidi ya Jamhuri, mahakama hiyohiyo ilieleza kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo huaminika zaidi.

Hivyo maneno anayoyasema mwathirika kwa mtu wa kwanza yana uzito mahakamani. Mlinzi akimwambia arudi kesho, au akimlaumu kwa mavazi yake, anaweza kumnyamazisha. Na ucheleweshaji huo unaweza kutumiwa na upande wa utetezi baadaye.

Mafunzo

Mafunzo ya kupokea waathirika hukazia mambo yafuatayo:

* Usalama kwanza: kumpeleka mwathirika mahali penye faragha, akiwa na mtu anayemwamini.
* Kusikiliza bila kuhukumu, kuandika maneno yake kama alivyoyasema, na kutomrudisha katika maelezo yaleyale mbele ya watu wengi.
* Tiba ya haraka: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanza kutumiwa ndani ya saa 72, na dawa za dharura za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Kadiri zinavyotumiwa mapema ndivyo zinavyofaa zaidi.
* Kutunza vielelezo: kumshauri asioge wala kufua kabla ya uchunguzi, kuweka nguo katika mfuko wa karatasi badala ya plastiki, na kuandika nani amekabidhiwa nini na saa ngapi.
* Fomu ya polisi namba 3 (PF3), ambayo daktari huijaza matokeo ya uchunguzi.
* Kutunza siri na kutosuluhisha jinai kienyeji. Adhabu ya ubakaji kwa kawaida ni kifungo kisichopungua miaka 30, na kosa hilo haliishi kwa fidia ya ng'ombe au fedha kati ya familia.

Ugumu wa pekee ni pale mtuhumiwa anapokuwa mhadhiri. Mwanafunzi huogopa kufelishwa, na chuo huogopa kuharibiwa jina. Ndiyo sababu malalamiko ya rushwa ya ngono yanaweza pia kupelekwa moja kwa moja TAKUKURU.

Mkoa wa Mara

Mkoa wa Mara una vyuo kadhaa, vikiwemo Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Buhare mjini Musoma, inayofundisha maafisa maendeleo ya jamii, na Chuo cha Ualimu Bunda. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere kimewekwa wilayani Butiama. Kata za vijijini kama Bugwema, katika Wilaya ya Musoma Vijijini, hutegemea maafisa wa aina hiyo pamoja na walimu na watendaji wa vijiji, kwa kuwa wao ndio walio karibu na wananchi.

Kazi ya dawati la polisi mkoani humo ilijulikana nje ya nchi kupitia filamu ya hali halisi In the Name of Your Daughter (2018). Filamu hiyo inaonyesha jinsi polisi wa Mugumu, wilayani Serengeti, walivyoshirikiana na nyumba salama ya Rhobi Samwelly kuwaokoa wasichana waliokimbia ukeketaji.