Skeli kama Ushahidi wa Historia: Modeli ya Meli ya Liemba na Kumbukumbu ya Ziwa Tanganyika

Makala haya yanatetea hoja moja: skeli ya modeli ya meli ni dai la kihistoria, na kama madai mengine ya historia, sharti iweze kuhakikiwa. Mfano unaotumika ni Liemba, meli iliyounganisha Bujumbura, Kigoma na Mpulungu kwa miongo mingi.

Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli kuelekea Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916. Waingereza waliiibua mwaka 1924, nayo ikarejea kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 mitambo yake ya mvuke iliondolewa na kuwekwa injini za dizeli. Kwa hiyo, michoro ya 1913 pekee haitoshi kuieleza meli waliyoipanda abiria wa karne hii.

Katika skeli ya 1:50, sentimita 1 ya modeli huwakilisha sentimita 50 za meli. Meli yenye urefu wa takriban mita 71 huwa modeli ya sentimita 142. Kwa 1:100 huwa sentimita 71. Urefu ukipungua kwa nusu, eneo la sitaha hubaki robo, na ujazo hubaki sehemu moja ya nane. Aidha, nakala ya mchoro ikisinyaa kwa asilimia 2 tu, anayezidisha vipimo vyake kwa 50 atapata meli ya mita 69.6, pungufu kwa takriban mita 1.4. Ndiyo maana mstari wa skeli uliochorwa kwenye karatasi huaminika kuliko uwiano ulioandikwa kwa tarakimu: mstari husinyaa pamoja na mchoro.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa Burundi. Mwezi Mei 2015, wakimbizi Warundi waliosongamana Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho mpakani, walisafirishwa na Liemba hadi Kigoma, watu wapatao 600 kwa safari. Katika modeli ya 1:50, mtu wa kimo cha mita 1.70 anapaswa kuwa sanamu ya sentimita 3.4. Fundi akiweka sanamu za 1:100, kila mtu atachukua robo ya nafasi anayostahili kwenye sitaha. Msongamano utatoweka machoni pa mtazamaji, na mateso ya safari ile pamoja nao.

Ni kweli kwamba si kila kitu huweza kupunguzwa kwa uwiano mmoja. Bamba la chuma la milimita 10 huwa milimita 0.2 katika 1:50, na fundi hulazimika kulinenepesha. Hilo halina ubaya iwapo limetajwa.

Inapendekezwa, basi, kwamba makumbusho na wizara za utamaduni za nchi za ziwa hili zidai maelezo manne kwa kila modeli zinayoagiza: skeli, mwaka unaowakilishwa, mchoro uliotumika, na sehemu zilizokuzwa kwa makusudi. Bila hayo, modeli itabaki pambo zuri ambalo mtafiti hawezi kulitegemea.