Wakala, Laini na Soko: Usimamizi wa Ushindani katika Huduma za Fedha kwa Simu Tanzania na Kenya, 2007–2018

Mkulima wa Matwebe, wilayani Rungwe, anayeuza ndizi kwa mchuuzi aliye Dar es Salaam hujali jambo moja zaidi ya bei: fedha zitamfikiaje. Kabla ya mwaka 2014, jibu lilitegemea laini aliyokuwa nayo kila mmoja wao. Mchuuzi wa mtandao mmoja alipomtumia mkulima wa mtandao mwingine, fedha hazikuingia katika akaunti ya simu ya mpokeaji. Zilikuja kama ujumbe wenye namba ya siri, na mpokeaji akalazimika kumtafuta wakala wa mtandao wa mtumaji. Aidha, makato ya muamala wa namna hiyo yalikuwa makubwa zaidi. Watu wengi walipata ufumbuzi wa haraka: wakanunua laini ya mtandao uliokuwa na wateja wengi. Kwa njia hiyo mkubwa alizidi kukua bila kumshinda mpinzani kwa ubora wa huduma.

Hali hiyo haikuwa ngeni duniani. Mwezi Mei 1998 Serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft kwa kulinda ukiritimba wake katika programu za kuendeshea kompyuta. Mwaka 2000 mahakama iliamuru kampuni igawanywe. Mwaka uliofuata mahakama ya rufani ilitengua amri hiyo, lakini ikathibitisha kwamba kampuni ilikuwa imevunja sheria. Sehemu muhimu ya shauri hilo ilihusu mikataba ya Microsoft na watengenezaji wa kompyuta, yaani njia ambayo programu ilipitia hadi kumfikia mtumiaji. Katika Afrika Mashariki njia hiyo ilikuwa kibanda cha wakala, na hapo ndipo mgogoro ulipozuka.

Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya mwezi Machi 2007. Mikataba yake iliwazuia mawakala kuhudumia mitandao mingine. Zuio hilo lilikuwa na hoja yake, na si haki kulipuuza: kampuni ndiyo iliyotafuta, kufunza na kusimamia mawakala hao wakati ambapo hakuna aliyejua kama biashara hiyo ingefaulu. Hata hivyo, mawakala walipozidi 80,000, kinga ya mwekezaji ilikuwa imegeuka ukuta. Mshindani aliyetaka kufika kijijini alilazimika kuanzisha kibanda kipya kando ya kile kilichokwisha kuwa na wateja. Airtel ililalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, chombo kilichotokana na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, na mwezi Julai 2014 Safaricom ikakubali kuondoa sharti hilo. Miaka saba ilikuwa imepita. Mlango ulifunguliwa, ila wateja walikuwa wamekwisha kuingia upande mmoja, na M-Pesa iliendelea kushika sehemu kubwa mno ya soko.

Tanzania ilipita njia nyingine. Vodacom ilileta M-Pesa mwaka 2008, lakini haikuwahi kulitawala soko la simu kama Safaricom ilivyolitawala la Kenya. Tigo, Airtel na Zantel zilikuwa na wateja wa kutosha kuanzisha huduma zao wenyewe. Mawakala walihudumia mitandao miwili au mitatu kwa wakati mmoja. Ni rahisi kuisifu sheria kwa matokeo hayo, lakini sifa hiyo haistahili yote. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ilikwisha kukataza matumizi mabaya ya nguvu ya soko, na kigezo kimojawapo cha kuitambua nguvu hiyo kilikuwa sehemu ya soko inayozidi asilimia 35. Hata hivyo, msimamizi aliyekuwa karibu zaidi na huduma hizi alikuwa Benki Kuu ya Tanzania, ambayo kwa miaka kadhaa iliziruhusu kwa barua za kutokuwa na pingamizi. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ilitungwa mwaka 2015, huduma zikiwa zimekwisha kuota mizizi.

Benki Kuu haikuzilazimisha kampuni kuunganisha huduma zao. Iliziacha zipatane zenyewe, huku ikifuatilia mazungumzo. Tigo na Airtel zilianza mwaka 2014. Vodacom, iliyokuwa kubwa kuliko zote na kwa hiyo yenye sababu ndogo zaidi ya kufungua akaunti zake, ilijiunga mwaka 2016. Kenya ilifikia hatua hiyo mwaka 2018.

Muungano huo ulimpunguzia mkulima wa Matwebe safari ya kumtafuta wakala wa mtandao wa mtumaji. Kwa wakala mambo hayakubadilika sana. Makubaliano yalihusu kutuma, si kutoa. Fedha zilizoingia katika akaunti ya Airtel zilitolewa kwa laini ya wakala ya Airtel, na za Tigo kwa laini ya Tigo. Kila laini ilihitaji salio lake, ambalo mawakala huliita floti, na mtaji mdogo wa kibanda uligawanywa vipande vitatu au vinne. Siku ambayo wateja wengi walitaka kutoa kutoka mtandao mmoja, fedha taslimu ziliisha na floti ya mtandao huo ikajaa, ilhali ile ya mtandao jirani ilikuwa tupu.