Kodi, Dawa na Sauti ya Mwananchi

Ukitaka kujua ni nani mwenye amri katika kituo cha afya cha mahali kama Kirewa, gombolola iliyomo wilayani Tororo, usianze na daktari. Anza na kodi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Waingereza waliitawala nchi ya Jopadhola kwa mikono ya mawakala Waganda, wafuasi wa Semei Kakungulu. Machifu wenyeji waliowafuata waliwajibika kwa serikali, si kwa raia. Januari 1960 hasira ikafurika: kotekote Bukedi wananchi waliwashambulia machifu kwa sababu ya kodi ya kukadiriwa, ambayo machifu hao waliipandisha au kuishusha wapendavyo.

Katiba ya Uganda ya 1995 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 zilileta sura nyingine. Wilaya na gombolola zikawa na mabaraza ya kuchaguliwa, theluthi ya viti ikiwa ya wanawake. Vituo vya afya navyo vilikuwa na kamati za usimamizi zenye wajumbe wenyeji. (Mjumbe, kumbuka, ni mtu aliyetumwa, kila usomapo neno hili uliza ametumwa na nani.) Wakati huo wagonjwa walitozwa ada, na kamati ilikuwa na kauli juu ya matumizi ya fedha hizo.

Ada ilifutwa Machi 2001, na maskini wakafurika vituoni. Kwangu mimi, ilistahili kufutwa. Hata hivyo, kamati ilibaki na viti bila mfuko. Mwaka 2005 kodi ya kukadiriwa nayo ikasitishwa. Mabaraza yakapoteza nguzo ya mapato yao na kuegemea ruzuku za Kampala, ambazo nyingi huja zikiwa zimekwisha kupangiwa kazi. Kisha, kuanzia 2010 hivi, Bohari ya Taifa ya Dawa ikaanza kuvipelekea vituo vya daraja la pili na la tatu makasha ya dawa yaliyofungashwa tayari, pasipo kituo kuagiza.

Vuka mpaka uingie Busia ya Kenya. Huko, Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti sehemu kubwa ya huduma za afya, na tangu 2013 dawa zikikosekana mwananchi humnyoshea kidole gavana aliyempigia kura. Upande wa Uganda, mjumbe wa kamati huitwa kushuhudia makasha yakifunguliwa. Yaliyomo yameamuliwa kabla hajaitwa.