Lenzi ya 70-200: f/2.8 yenye mwanga zaidi au f/4 nyepesi yenye kidhibiti mtikisiko?

Mfanyabiashara anayeleta vifaa vya picha kutoka Deira, Dubai, kwenda Kariakoo au Luthuli Avenue hubeba mzigo mdogo wenye thamani kubwa. Lenzi moja ikikosewa, mtaji hulala dukani miezi kadhaa. Miongoni mwa lenzi zinazoleta mkanganyiko ni mbili za Canon, zote za kuvuta mbali kuanzia milimita 70 hadi 200, zote nyeupe, na ambazo zilipokuwa zikiuzwa mpya kwa pamoja bei zao zilikaribiana. Ya kwanza ni EF 70-200mm f/2.8L USM ya mwaka 1995, yenye mwanga mkubwa lakini haina kidhibiti mtikisiko. Ya pili ni EF 70-200mm f/4L IS USM ya mwaka 2006, nyepesi na yenye kidhibiti hicho.

Kabla ya kulinganisha, jina lisomwe vizuri. Kufikia mwaka 2006 Canon ilikuwa na lenzi nne za 70-200 zinazofanana rangi: f/2.8 bila kidhibiti (1995), f/4 bila kidhibiti (1999), f/2.8 yenye kidhibiti (2001) na f/4 yenye kidhibiti (2006). Nyingine zimefuata baada ya hapo. Tofauti ipo kwenye maandishi ya lenzi yenyewe: 1:2.8 au 1:4, na herufi IS zipo au hazipo. Muuzaji wa jumla akisema tu "sabini mia mbili nyeupe", bado hajataja bidhaa.

Namba 2.8 na 4 zinaeleza upana wa tundu linalopitisha mwanga. Gawanya 200 kwa 2.8 utapata milimita 71 hivi. Gawanya 200 kwa 4 utapata 50. Eneo la tundu la kwanza ni karibu mara mbili ya la pili, kwa hiyo mwanga unaoingia nao ni mara mbili. Vioo vikubwa ndivyo vinavyoleta uzito: f/2.8 ina gramu 1,310 na f/4 IS ina gramu 760.

Kidhibiti mtikisiko hufanya kazi nyingine kabisa. Ndani ya lenzi kuna vipima mwendo na kundi la vioo linalosogezwa na injini ndogo ili kufuta mtetemo wa mkono. Kwa kawaida mpiga picha anayeshika lenzi ya milimita 200 kwa mkono huhitaji kasi ya shata ya 1/200 ya sekunde au zaidi ili picha isitikisike. Canon iliitangaza f/4 IS kuwa inaokoa hatua nne za mwanga, maana yake mkono ule ule unaweza kushuka hadi karibu 1/13. Kwa kitu kilichotulia, kama jengo, kontena bandarini au msemaji aliyesimama kimya, lenzi hii ndogo inashinda ile kubwa hata gizani, ingawa tundu lake ni dogo zaidi.

Lakini kidhibiti hakimsimamishi anayepigwa picha. Hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea, na muuzaji asipolieleza mapema, mteja hurudi na lenzi mkononi.

Chukua ukumbi wa harusi usiku. Tuseme kwa ISO 3200 taa za ukumbi zinaruhusu f/2.8 kupiga kwa 1/250. Bibi harusi anayetembea taratibu atatoka vizuri. Kwa f/4, mwanga ule ule utalazimisha 1/125, au ISO ipandishwe hadi 6400 na picha ianze kuchafuka chembechembe. Kidhibiti kinaweza kuwa kimewaka, mikono ya mpiga picha ikawa imetulia kama mwamba, na mikono ya wachezaji bado ikatoka na ukungu, kwa sababu ni wao waliosogea. Vivyo hivyo kwa mpira wa jioni chini ya taa: inapopatikana 1/1000 kwa f/2.8, f/4 itatoa 1/500. Anayepiga kwa flashi karibu na watu hataona tofauti kubwa hivyo. Na anayerekodi video kwa mkono bila stendi atashukuru kidhibiti zaidi kuliko mwanga, ila ajue kuwa maikrofoni ya kamera inaweza kunasa sauti ndogo ya mashine hiyo.

Safarini hesabu hubadilika tena. Mchana Serengeti au Maasai Mara mwanga si tatizo, na f/4 inatosha. Tatizo ni umbali: milimita 200 mara nyingi ni fupi kwa simba aliyelala upande wa pili wa korongo. Kiongezi cha mara mbili hufikisha 400 lakini hula hatua mbili za mwanga. Kwenye f/2.8 matokeo ni f/5.6, na kamera bado inajiwekea fokasi. Kwenye f/4 matokeo ni f/8, na kamera nyingi za EOS za zamani hapo huacha kufokasi zenyewe, isipokuwa zile za daraja la juu. Kiongezi cha 1.4 hakina shida hiyo kwa lenzi zote mbili. Dereva wa watalii anaweza kusaidia zaidi ya lenzi yoyote kwa kuzima injini wakati wa kupiga, na mfuko wa maharage juu ya dirisha huondoa sehemu kubwa ya mtetemo kwa gharama ndogo sana. Kwa anayefuata gari au mnyama anayekimbia kwa kuzungusha kamera, f/4 IS ina hali ya pili ya kidhibiti, ambayo hutuliza mtikisiko wa juu na chini bila kupinga mzunguko huo.

Swali jingine la kumuuliza mteja ni kamera aliyonayo. Tangu mwaka 2020, baadhi ya kamera za Canon zisizo na kioo, zikiwemo EOS R5 na R6, zina kidhibiti ndani ya mwili wa kamera, na hufanya kazi pia na lenzi za EF kupitia adapta. Mteja wa namna hiyo akichukua f/2.8 ya 1995 anapata mwanga na utulivu pamoja. Mwenye kamera ya zamani hapati hivyo, na kwake herufi IS zina thamani kamili.

Lenzi ya 1995 leo hupatikana zaidi kama mtumba, na f/4 IS ya 2006 ilipata mrithi mwaka 2018, kwa hiyo ukaguzi ni wa lazima. Imulikwe kwa tochi kutoka nyuma: utando mithili ya buibui kwenye kioo ni kuvu, ugonjwa wa unyevu ambao miji ya pwani inaujua. Pete za kuvuta na fokasi zizunguke bila kukwaruza. Kwa IS, bonyeza shata nusu huku ukitazama kwenye kamera yenye kioo: picha inatakiwa itulie ghafla. Ikirukaruka au lenzi ikilia kwa nguvu, kidhibiti kina hitilafu, na hiyo ni sehemu ambayo f/2.8 haina kabisa. Ulizia pia pete ya kufungia stendi; f/2.8 ilikuja nayo, ya f/4 iliuzwa peke yake, na mtumba nyingi hazina.

Njiani, kila lenzi ifungwe peke yake, ikiwa na vifuniko vyote viwili na pakiti za kunyonya unyevu, na ibebwe mkononi badala ya kuachwa kwenye buti la basi. Ankara iandike jina kamili la lenzi na namba yake ya utambulisho, kwa kuwa afisa wa forodha akiona "lenzi nyeupe" tu naye atakadiria thamani kwa anavyoona. Mpiga picha anayevuka Namanga na vifaa vyake vya kazi aonyeshe orodha ya namba hizo wakati wa kutoka, si wakati wa kurudi.