Benki Zilibadili Wenyewe, Mnazi Ukabaki Mlangoni

National Bank of India ilifungua tawi Mombasa mwaka 1896, miaka minne baada ya kufika Zanzibar. Jina lisikudanganye: wakubwa wake walikaa London. Standard Bank of South Africa ikafuata mwaka 1911, kisha Barclays. Benki hizo zilihudumia serikali ya kikoloni, walowezi na wafanyabiashara wa bandarini. Akiba isiyopata mkopaji wa kuziridhisha ilivuka bahari kwenda kuzalisha Uingereza.

Si kwamba mkopo ulikuwa kitu kigeni huku. Karne ya 19, mashamba ya mtama na ufuta ya Malindi, yaliyolimwa kwa jasho la watumwa, yalisimama kwa fedha za wafanyabiashara wa Kihindi, na shamba likawekwa rehani. Benki ilichokuja nacho ni sharti la hati.

Na hapo Kilifi, ilimo Malindi, ikakwama. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwapa wenye madai ya ardhi ya mwambao nafasi ya kuandikishwa. Waarabu na Waswahili wengi wenye mashamba waliandikishwa. Wamijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo, wakaachwa nje. Ardhi isiyo na mdai aliyekubaliwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Wajukuu wa waliokuwa wakilima pale ndio tunaowaita maskwota.

Huku bara kidogo, Kaloleni, Wagiriama, ambao nao ni Wamijikenda, walikuwa na utaratibu wao. Mnazi una mwenyewe, hata kama ardhi ulipomea ni ya mwingine. Mwenye shida humwekea mwenziwe rehani minazi yake mbele ya wazee, na aliyetoa fedha huvuna mpaka deni lilipwe. Kwa maoni yangu hiyo ni dhamana safi: ina mashahidi na inazaa. Lakini hakuna meneja wa benki, mzungu wala mwananchi, aliyeweza kuiandika kwenye daftari lake.

Baada ya uhuru, Tanzania ilitaifisha benki zote kubwa Februari 1967. Kenya ilikwenda polepole, kwa kununua. Mwaka 1968 serikali ilianzisha National Bank of Kenya. Miaka miwili baadaye ikaingia ubia na National and Grindlays, mrithi wa ile benki ya 1896, kwa asilimia 60 ya hisa, ikazaliwa Kenya Commercial Bank (KCB). Kufikia 1976 yote ilikuwa ya serikali.

Faida ilionekana. KCB ilipeleka matawi kwenye miji midogo ambayo mwenye hisa wa London asingeihangaikia. Hasara nayo ilikuja kimyakimya, kwa simu za wakubwa. National Bank of Kenya ilikopesha wenye majina kwenye siasa, wengi wao hawakulipa, na mwaka 1998 ilikaribia kuanguka. Miongoni mwa wenye hisa wake wakubwa ilikuwa NSSF, yaani akiba ya uzeeni ya vibarua, wakiwemo wale wa hoteli za Malindi. Mwaka 2007 serikali iliipa hati fungani za shilingi bilioni 20 kuziba pengo.

Mwaka 2002 wachumi watatu, La Porta, Lopez-de-Silanes na Shleifer, walichapisha uchunguzi wa nchi 92: palipokuwa na benki nyingi za serikali mwaka 1970, uchumi ulikua polepole zaidi baadaye. Mtu anaweza kuhoji lipi lilitangulia, benki mbovu au utawala mbovu. Lakini benki za kigeni nazo hazikuwa mkombozi: mwishoni mwa miaka ya 1990 Barclays ilifunga matawi kadhaa ya mashambani, kwa sababu mteja wa akiba ndogo hakuwa na faida.

Serikali ilianza kuuza hisa za KCB mwaka 1988. KCB ikainunua National Bank of Kenya mwaka 2019, kisha mwaka 2025 ikaiuza kwa Access Bank ya Nigeria.

Mkopo usiouliza hati uliingia kwa simu, mwezi Novemba 2012, huduma ya M-Shwari ilipozinduliwa na kampuni ya simu ya Safaricom na Commercial Bank of Africa. Mama muuza samaki wa Mayungu, Malindi, aliweza kukopa bila kumwona meneja. Ada ya mkopo huo ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Akikopa kila mwezi mwaka mzima, ni asilimia 90.